Shokapu Mbili na Mikono Yangu

Tone la chanjo ya kideri ni moja tu, kwenye jicho moja, kwa kila kuku. Nimelisema hilo katika vijiji vya upande wa Hombolo kwa miaka mingi, na nimewagombeza watu wazima na akili zao waliodhani matone mawili yana nguvu kuliko moja. Ndiyo maana siku ile, uani kwa mama mmoja mfugaji, nilipomshika jogoo wake na kichupa changu kikadondosha matone matatu, moja jichoni, moja kwenye upanga na moja kwenye kiatu changu, sikuwa na pa kuuficha uso. Yule mama alimtazama jogoo, kisha akanitazama mimi.

"Bwana mifugo," akasema, "huyo unamchanja au unamwogesha?"

Wananiita bwana mifugo ingawa ni mwanamke na nimezaa. Jina lilifika vijijini kabla yangu, nami nililikuta nikalivaa. Foleni nzima ya watu na kuku wao ikacheka, nami nikacheka kuwashinda wote, maana anayecheka hatazamwi mikono. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Haikuwa mara ya kwanza, na nilijua, au nilidhani najua, inakonipeleka.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Mpwapwa. Alianza na vidole. Kwanza uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano, akasema ni macho, akanunua miwani. Kisha mkasi ukaanza kumponyoka, akasema ni uchovu. Tulipokuja kukubali kwamba ni ugonjwa wa kutetemeka, cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa mwaka mzima, na mama ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya mashati aliyoyashona mwenyewe. Alikaa hivyo miaka tisa. Mama hakulalamika hata siku moja, lakini tulipomaliza kumzika baba alilala siku mbili mfululizo, na nilipomleta kwangu mjini, Miyuji, alikuja na begi moja tu, kama mtu aliyemaliza kifungo.

Kwa hiyo mikono yangu ilipoanza, niliyemwogopea zaidi alikuwa yeye. Kazi ningeipoteza, hilo nililiona wazi. Nani atamkabidhi ng'ombe wake mtu asiyeweza kuishikilia sindano? Lakini mama kuuguza tena, ugonjwa uleule, kwa umri ule, na safari hii mwanawe? Nikaapa hatajua mpaka itakaponishinda.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Msemo huo naujua sana, nimewarushia wafugaji wanaoficha ng'ombe mmoja mgonjwa hadi zizi zima linakwisha. Ila mganga hajigangi. Nilijikausha. Nikifika kijijini nilianza kwa maneno mengi, mbukwa huku na mbukwa kule, ndiyo salamu ya huko, habari za mvua, habari za watoto, hadi nusu saa inapita ndipo nafungua kisanduku cha chanjo, maana nilishagundua kwamba nikikaa kidogo mikono hutulia. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Nilifundishwa chuoni kumhoji mwenye mnyama: imeanza lini, inazidi wakati gani, inapungua wakati gani. Kwa mbuzi ningeuliza yote hayo. Kwangu sikuuliza hata moja. Jumapili, baada ya siku mbili za kukaa nyumbani, mikono ilikuwa afadhali kabisa, nami nikasema Mungu ananihurumia kwa sababu ya ibada.

Kilichonipeleka kwa fundi wa pikipiki hakikuwa mikono. Ilikuwa oili. Asubuhi moja nikiteremka kuingia kwenye korongo, nilibana breki ya mbele na pikipiki ikaendelea na safari yake kana kwamba sikusema kitu. Nilijikuta katikati ya mchanga, miguu yote miwili chini, roho juu. Nilipochungulia nikaona shokapu ya mbele, upande wa kushoto, imelowa kuanzia katikati hadi chini, na oili imechuruzika mpaka kwenye breki. Nikarudi mjini polepole, nikitumia breki ya nyuma na dua.

Fundi wangu ana kibanda cha mabati mtaa wa pili kutoka nyumbani. Ni wa rika langu, mtu wa mjini hasa; babu zake walikuwa wafanyabiashara wa enzi za misafara, na yeye amerithi kofia ya kufuma na ulimi. Watu husema anatukana pikipiki, lakini ukisikiliza vizuri anayetukanwa ni mwenye pikipiki. Nikamsalimu, nikamwambia ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke imekufa, anibadilishie upesi, kesho nina chanjo.

Alishika usukani, akabana breki, akalalia pikipiki kwa uzito wake wote, na mtu mwenyewe si mwembamba. Pua ya pikipiki haikuinama. Akalalia tena.

"Dada," akasema, "hii ni shokapu au mchi?"

Shokapu ya mbele si kitu cha kutisha. Ni bomba linaloingia ndani ya bomba, kulia moja na kushoto moja, na ndani yake mna springi na oili. Gurudumu likipiga jiwe, bomba linazama, springi inajikunja, oili inapita kwenye vitundu vyembamba na kupunguza kishindo, halafu pua inainuka taratibu. Kazi yake ni kumeza. Zangu zilikuwa hazimezi kitu. Kila jiwe la njia ya Hombolo, na kila mkunjo wa ile barabara iliyojikunja kama bati, vilipokelewa chini na kupelekwa moja kwa moja juu, kwenye usukani, kwa mtu aliyeushika.

Lakini hayo nayasema leo. Siku ile nilisimama tu nikitazama saa, nimeudhika kwamba anakagua asichoambiwa. Aling'oa gurudumu, akazichomoa shokapu zote mbili, akaibana ya kushoto na kuanza kufungua kifuniko cha juu. Kilipofika nyuzi za mwisho kiliruka hadi kwenye paa la bati. Nyuma yake kikatoka kipande cha bomba la maji, urefu wa kidole cha kati, kilichokuwa kimekaa juu ya springi na kuikandamiza. Upande wa kulia nako kikatoka kingine, kirefu zaidi. Kisha akamimina oili. Ilikuwa nyeusi na nzito kama asali, ikatoka na kutoka, na makopo mawili alipoyaweka sambamba hayakulingana, ingawa yote yalikuwa yamepita kiasi.

Akauliza ni fundi gani aliyeifanya kazi hiyo. Nikasema kuna mmoja huko vijijini. Akauliza jina. Nikasema silijui.

Nililijua vizuri sana. Fundi huyo nilikuwa mimi. Mwishoni mwa masika nilikuwa nimepewa mtungi wa kubebea mbegu za madume, ule wa kupandishia ng'ombe kwa mrija. Ni mtungi mzito, ninaufunga nyuma, na kila nilipobana breki kwenye mteremko pua ya pikipiki ilikuwa inainama kama inasujudu. Vijana wa bodaboda wakaniambia dawa yake: kukaza. Huko kwetu kila mtu anakaza. Unaweka kipande cha bomba juu ya springi, unamwaga oili yake, unajaza oili nzito ya injini mpaka ikatae. Wao wanabeba magunia matatu na abiria juu yake, kwa hiyo hata shokapu iliyokazwa namna hiyo inalazimika kuinama kidogo. Mimi ni mwanamke mmoja mwembamba, na mzigo wangu uko nyuma. Sikulifikiria hilo. Sipendi kumngoja fundi kwa kitu ninachoweza kukifanya, basi nilikaa chini ya mwembe wa ofisini nikakaza mwenyewe, nikajisifu. Mimi, ambaye simpi ndama dawa ya minyoo kabla ya kumzungushia utepe kifuani kujua uzito wake, nilipima oili kwa macho.

Fundi alikuwa anafuta springi kwa tambara. Bila kunitazama akauliza:

"Na mikono haifi ganzi?"

Hakungoja jibu. Akaendelea na hadithi ya dereva mmoja wa bodaboda wa njia ya Mpwapwa aliyefika pale anatetemeka mikono kama mtu aliyefumaniwa, hata simu haishiki vizuri, na kwao wameshaanza kumtafutia mganga kwa kuamini amerogwa. Shokapu zake zilikuwa kama hizi. Zikafunguliwa, zikatengenezwa, na baada ya mwezi au zaidi kidogo akawa mzima, ila mganga alikuwa ameshakula kuku wawili.

Nikakaa juu ya tairi bovu. Maswali niliyokuwa nimeyanyima nafasi miezi yote ile yakaja kwa pamoja. Nikamwuliza fundi, yule dereva ilikuwa inamzidi wakati gani. Akasema akishuka tu kwenye pikipiki. Nikauliza akipumzika je? Akasema akipumzika siku mbili alikuwa anadhani amepona. Ilianza lini? Alipokaza, akasema, itaanza lini tena. Machozi yakanitoka, nikasingizia petroli. Kisha nikamwambia kwamba yule fundi wa vijijini ni mimi.

"Nilijua," akasema. "Kipande kimekatwa kikasuguliwa ncha kwa msasa. Fundi gani ana muda huo?"

Ningependa kusema kwamba niliondoka pale nikiwa mwepesi, lakini tumaini nalo lina woga wake. Kabla ya hapo nilikuwa na hakika ya ubaya, na mtu huzoea. Sasa kulikuwa na mlango, na nikiufungua nikakuta ukuta, sitakuwa na kisingizio kingine. Nikamwambia fundi kwamba sina haraka tena. Chanjo nitaisogeza mbele. Aifanye kazi kama anamfanyia mama yake.

Tulifanya pamoja, mchana wote. Aliosha kila kitu kwa petroli hadi bomba zikang'aa, na kwenye bomba la kushoto, mahali inapopita ile pete ya mpira, akanionyesha vidoa vya kutu vidogo kama mbegu za mchicha. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinaikata pete kila bomba linapopita. Akavisugua kwa msasa laini uliolowekwa oili, akazungusha, akapitisha ukucha, akazungusha tena, mpaka ukucha ukawa hauhisi kitu. Pete mpya alizipaka oili kwanza, akaziingiza kwa kugongagonga pande zote sawasawa, maana ikiingia upande, akasema, umeichana kabla haijaanza kazi.

Tulipofika kwenye oili, ile nyepesi inayostahili, akachukua kichupa cha dawa ya kikohozi na kusema yeye hupima kwa hicho, vichupa viwili kasoro kidogo. Nikamwuliza kasoro kidogo ni ngapi. Akasema ni kidogo. Hapo nikasimama, nikaenda nyumbani, nikarudi na bomba jipya la kunyweshea ng'ombe dawa, lile kubwa lenye mistari ya mililita, ambalo lilikuwa halijatolewa hata kwenye karatasi yake. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akaligeuzageuza, na macho yake yakawa ya mtu aliyeona kitu alichokikosa miaka mingi.

Tulifanya hivi. Springi ikiwa nje na bomba limezamishwa hadi mwisho, tulimimina oili ikapita kiasi kwa makusudi, tukalipandisha na kulishusha bomba polepole mara kumi ili hewa iliyojificha itoke. Kisha tukavalisha kwenye mdomo wa bomba langu la dawa kijimpira chembamba, tukakitia alama kwa uzi kwenye urefu ambao fundi aliujua kichwani, tukakiteremsha hadi ile alama ikawa usawa wa mdomo wa shokapu, na nikavuta. Oili ikapanda kwenye mistari, ikapanda, kisha nikavuta hewa tupu. Maana yake imefika pale inapotakiwa na haiwezi kuzidi. Upande wa pili vivyo hivyo, kwa alama ileile. Zile shokapu sasa zililingana kwa mililita, na mimi nilijisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo kwamba nipo kazini kwangu.

Kuunganisha hakukuwa mwisho. Fundi alifunga kijikamba cha mpira kuzunguka bomba la ndani, akakisukuma hadi chini, akaniambia nipakie mtungi wangu na kila ninachobeba, nipande, niende hadi mwisho wa mtaa, nibane breki kwa nguvu na kurudi. Bomba likizama linakisukuma kijikamba juu, na pale kinapobaki ndipo lilipofika. Mara ya kwanza kilipanda hadi juu kabisa. Pua ilikuwa laini mno, ingegonga. Akakata vipande viwili vipya vya bomba, vifupi kama nusu ya kidole gumba, akavipima kimoja juu ya kingine vikalingana. Bado. Akavirefusha kidogo. Nikaenda mara ya tatu, majirani wakitoka milangoni kuuliza kama najifunza kuendesha. Niliporudi kijikamba kilikuwa kimesimama vidole viwili kabla ya mwisho.

"Iache hapo," akasema. "Hiyo iliyobaki ni ya shimo usiloliona."

Bomba langu la dawa alibaki nalo. Sikuwa na moyo wa kumwomba.

Niliporudi barabarani kwenda Hombolo, nilikuwa nimeshika usukani kwa ncha za vidole, nikingoja kipigo. Pale mashamba ya zabibu yanapoanza, barabara inapochakaa kabisa, nilijikunja mabega kama nilivyozoea. Gurudumu lilikuwa linacheza chini yangu, nalisikia, lakini viganjani kilifika kinong'ono tu. Nilianza kucheka peke yangu ndani ya kofia ngumu. Nikafika, nikashuka, nikanyoosha mikono mbele.

Ilikuwa inatetemeka.

Kidogo kuliko zamani, lakini inatetemeka, na nilirudi kwenye maneno mengi, mvua na watoto. Wiki ile ilikuwa ndefu. Fundi alinionya kwamba mishipa iliyopigwa miezi mitano haisahau kwa siku mbili, nami nilimwitikia kama mtu anavyomwitikia mfariji msibani. Wiki ya pili nilikuwa nafungua kisanduku baada ya robo saa. Ya tatu nilianza kusahau kuitazama mikono, na kusahau huko nilikuja kukugundua jioni, nikiwa nimeshafika nyumbani. Mwezi ulipotimia nilimchoma mtamba mmoja mkorofi sindano ya mshipa wa shingo, mara moja tu, akiwa anarusha kichwa, na mwenye ng'ombe akasema asante bila kushangaa chochote. Nilitamani angeshangaa.

Ndipo nikapata ujasiri wa kwenda hospitali, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Daktari alinitembeza, akanigongagonga vidole, akaniandikisha mistari kwenye karatasi, akaniuliza habari za baba na habari za kazi. Nilimweleza yote, hata vipande vya bomba. Akasema haoni dalili ya ugonjwa wa baba. Mikono ilichoshwa na mtikisiko, nivae glavu nene, nipumzike njiani, nirudi baada ya miezi sita aniangalie tena. Nilitoka nikakaa juu ya pikipiki kwenye maegesho bila kuiwasha. Nilifurahi. Nimetafuta neno zuri zaidi ya hilo na sijaliona.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ametenga chai. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikiwa nimesimama: mikono, baba, woga wangu, shokapu, daktari. Nilidhani atanigombeza kwa kuficha. Badala yake alichukua birika akanimiminia, taratibu, mpaka chai ikafika kwenye ukingo wa kikombe.

Nikamwambia amejaza mno.

"Nimejaza kama cha mtu mzima wa afya," akasema. "Tangu masika ninakumiminia nusu, mama. Ndivyo nilivyoanza na baba yako, isimwagike akaona aibu. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu sawa."

Miezi yote hiyo nilikuwa nakunywa nusu kikombe, nikidhani anabana maziwa. Nikakinyanyua kwa mkono mmoja. Ilikuwa ya moto na nilikunywa hivyohivyo, naye aliukodolea macho ule mkono wangu, chai yake ikipoa mbele yake, hadi nilipokirudisha mezani kikiwa kitupu.